Nyota Hazikutoka Maskati

Mwanangu Nasra,

Salamu tulishapeana leo asubuhi, wewe unatoka kuoga na mimi nnaingia, shikamoo na marahaba kama wapangaji wawili waliokutana ukumbini, kwa hiyo hapa sizirudii. Kesho nitakuamsha, nitakupa chai, nitakushindilia mkate wa mofa kwenye mkoba, na sitasema neno lolote la maana. Nikisema nitalia, na nikilia wewe utaangalia simu. Ndiyo maana nnaandika. Mwandiko wangu unaujua, skuli niliacha darasa la nne, utausoma pole pole.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala za upepo wa huko Bwejuu unakokwenda kazini na kifua chako. Hayo nshakwambia mpaka umechoka kuyasikia. Nnataka kukuandikia habari ya mapambo, kwa sababu ndiyo yanayokupeleka huko, na ndiyo yaliyotufanya tuishi ndani ya vyumba viwili bila ya kutazamana.

Wewe unajua mwisho wa hadithi tu. Mwanzo wake ulikuwa hujazaliwa.

Mama yako mdogo Zuwena alipoolewa Maskati, mwaka wake wa kwanza alitupelekea sanduku. Ndani mlikuwa na mashada ya karatasi ya kung'aa, zabibu za plastiki, na mwezi wa bati wenye taa ndani yake. Idi ile watu walipanda ngazi zetu, hata wasiotujua, wakaingia sebuleni wakasimama wakatazama juu. Unajua kuta zetu zilivyo, chokaa inamwagika kama unga. Siku ile hakuna aliyeona chokaa. Mimi nilikuwa mwanamke wa kuli wa bandarini, hakuna aliyewahi kupanda ngazi kwa ajili ya kitu changu. Nikaionja raha hiyo, ikaniharibu.

Mwaka uliofuata Zuwena alikuwa na mtoto na mambo yake, sanduku halikuja. Ramadhani ilipoingia kumi la mwisho nikaanza kuhangaika. Nikazunguka kwa mafundi cherehani nikaokota vipande wanavyofagia jioni. Nikakusanya maboksi ya tende, makopo ya maziwa ya unga, chupa za maji walizoacha wageni. Kopo nikalitoboa kwa msumari, tundu tundu, nikatia mshumaa, ukutani nuru ikatoka kama lesi. Kitako cha chupa nikakikata nikakipitisha juu ya moto, kikajikunja kikawa ua. Nilikaa nikalitazama ua lile, nikacheka peke yangu. Sikufundishwa na mtu. Ilikuwa kama mikono ilikuwa ikijua siku zote na hakuna aliyeiuliza.

Basi Sikukuu ikafika, Bi Time wa nyumba ya chini akapanda, akatazama juu, akaniuliza, "Haya ya Maskati tena?"

Nikasema, "Naam."

Sikulipanga neno lile, mwanangu. Lilitoka tu. Lakini lilitoka kwa sababu nilijua mtaa wetu. Kitu kilichotoka Uarabuni watu wanakigusa kwa ncha ya kidole. Kitu ulichokitoa kwenye boksi la sabuni wanakigusa wanakwambia maskini, umejitahidi. Mimi sikutaka kuambiwa maskini. Nikaona bora wasijue kwamba ni mimi kuliko wajue wakanionea huruma.

Mwaka ule nikasema naam, na mwaka wa pili, na kila mwaka. Bi Time alikuwa na ulimi, wamjua. Akisema, "Huyo mdogo wako kila Idi analeta sanduku, mguu haleti?" Watu wanacheka na mimi nacheka nao, huku nnahesabu moyoni nani amecheka sana.

Halafu ikaja Idi ya ile nyota. Sijui kama unaikumbuka. Ulikuwa hujaanza darasa la kwanza, nimekushonea gauni la pinki lenye mikono ya puto. Sebule imejaa wanawake. Kitinda mimba wa Bi Time akarukia nyota moja iliyoning'inia chini, ikakatika uzi, ikamwangukia mapajani mama yake. Bi Time akaigeuza. Kwa mbele karatasi ya fedha, kwa nyuma maandishi makubwa ya sabuni ya mche.

"Enhe," akasema, "kumbe Maskati wanafulia sabuni yetu hii hii."

Wanawake wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la kahawa. Bi Time hakuniuliza mimi. Akakuita wewe, akakuweka baina ya magoti yake, akakuuliza kwa sauti ya upole, "Nasra, mwanangu, nambie wewe. Nyota hii imetoka wapi?"

Jana yake wewe ndiye uliyenishikia kibakuli cha uji wa unga wa ngano tulipokuwa tukiigandisha. Kwenye kidole chako gumba kulikuwa bado na ganda la gundi, nililiona nilipokuwa nimesimama pale. Ukanitazama. Sikukukonyeza, wala sikutikisa kichwa. Nilikutazama tu. Na wewe ulikuwa mtoto mwerevu.

"Imetoka Maskati," ukasema.

"Na sabuni je?"

"Mama mdogo alituletea na sabuni. Ilipomalizika, boksi akalitengeneza nyota."

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko, hata Bi Time, akakubana shavu akasema mtoto huyu atakuwa wakili. Walipoondoka nilikupa pesa za mkono wa Idi mara ya pili, nikakukatia halua kipande kama cha mtu mzima, nikakubusu kila mahali. Marehemu baba yako alikuwa mlangoni anavua viatu, ameyasikia yote kutoka ngazini. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Mize, mimi nabeba magunia bandarini na mji mzima wajua. Wewe wafanya kitu kizuri namna hii, kwa nini hutaki kijulikane ni chako?" Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya wanawake, hayajui. Hakusema tena. Mara nyingi nimetamani angesema tena.

Ukiniuliza nilikosea wapi katika kukulea, sitakwambia habari ya viboko wala ya skuli. Ni kile kipande cha halua.

Mengine utasema yalikuwa ya dunia. Baba yako alipofariki ulikuwa mkubwa kidogo, haya unayakumbuka, lakini hili moja hulijui kwa sababu nililificha hata nafsi yangu. Nilipotoka eda, mwalimu wa chuo kile mlichokuwa mkisoma Kurani alimtuma mtu kwangu. Walikuwa na Maulidi, hawana uwezo wa kununua mapambo, na kila mwaka watoto wakisikia habari za sebule ya kwetu. Wakauliza kama nnamjua mtu anayetengeneza vitu vile. Wangependa awe mtu wao kabisa, awapambie Maulidi, na maharusi wanaokodi uwanja wao awapambie pia. Mjumbe alisimama pale kwenye kizingiti na kofia yake mkononi. Kazi ilinifuata mpaka mlangoni, Nasra. Ilipanda ngazi zote zile kunitafuta.

Nikamwambia, "Mimi sijui kutengeneza, huletewa."

Mdomo ulikuwa umeshazoea. Akashukuru, akashuka. Nilisikia viatu vyake mpaka chini na sikumwita. Ningemwita nimwambie nini, kwamba nimekuwa muongo miaka yote? Kazi ile akaipata mwanamke mwengine, leo ana wasichana wanaomfanyia kazi na jina lake limeandikwa kwenye gari. Mimi nikaenda kufua mashuka ya nyumba za wageni. Ulipokuwa ukirudi skuli ukanikuta vidole vimeniumuka ukauliza kwa nini, nilikuwa nikisema ni sabuni ya unga. Ilikuwa sabuni ya unga kweli. Lakini hukuuliza nilifikaje kwenye sabuni hiyo.

Nawe ukakua, ukaenda sekondari, ukaanza kuona haya. Siku moja ulinambia, "Mama, wenzangu wanakuja, leo usitundike takataka." Nilizitoa. Sikukasirika, wallahi, kwa sababu nami mwenyewe hivyo ndivyo nilivyokufundisha, kwamba kitu chetu ni cha aibu mpaka kipate jina la mbali.

Kisha dunia ikageuka juu chini. Hoteli za pwani zikaanza kutaka vya mkono. Wageni hawataki mwezi wa bati wa Dubai, wanataka kopo lililotobolewa kwa msumari, wanataka vifuu vya nazi na vipande vya kanga kuukuu, na wanaulizia nani katengeneza, anaitwa nani. Ulikuja na habari hiyo ukicheka, nami nikacheka. Nikatengeneza ule mti wa njukuti, zile njukuti za fagio, nikazifunga zikapanda kama mnara, nikazizungushia vipande vya mafundi na maua ya chupa na vile vitaa vya makopo. Wewe ukasema wazungu watauweka Krismasi na Mwaka Mpya. Bi Time akasema, "Mize, uzee huu unapamba Krismasi?" Nikamwambia mimi sina neno na sikukuu ya mtu, mradi afurahi.

Ukapiga picha. Ukazitia kwenye simu. Sikujua umeandika nini chini yake, sijui kusoma maandishi yale madogo, na wala sikukuuliza.

Mpaka alipokuja yule Madam wa hoteli.

Niliosha ngazi siku ile. Nilitengeneza maji ya ukwaju, nikavaa lile dera la buluu. Alipoingia, mwanamke wa makamo, mtu wa bara, mchangamfu, akanipa shikamoo kabla hajakaa. Nikampenda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie karibu kwangu. Wewe ukawahi.

"Huyu Bi Mize," ukasema, "ananisaidia kukata kata."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikakutazama, na wewe ukanitazama, na yale macho nikayajua, mwanangu. Yalikuwa yangu. Hukunikonyeza wala hukutikisa kichwa. Ulinitazama tu ukingoja niwe mwerevu.

Nikawa mwerevu. Nikamimina maji ya ukwaju.

Madam alizunguka sebule akishika kila kitu, akikusifu. Akaniuliza na mimi, kwa wema tu, si kwa dharau, "Na wewe, mama, nyumbani kwako unapambaga hivi?"

Nikasema, "Kwangu kupo hivi hivi tu."

Nimesimama kwenye mkeka niliousuka mwenyewe. Kisha nawe, nadhani uliogopa nitasema jambo, ukanambia kwa sauti nyengine kabisa, sauti ya ofisini, "Bi Mize, basi leo inatosha, tutaendelea kesho." Nikachukua kikapu changu. Nikavaa viatu. Nikashuka ngazi nilizoziosha asubuhi, nikatoka nyumbani kwangu kama mtu aliyemaliza kibarua.

Sikuwa na pa kwenda. Nikakaa kwenye baraza ya Bi Time. Alikuwa anachambua mchele, akanitazama na kikapu changu na dera langu zuri. "Mize, umefukuzwa kwako?" Nikamwambia natafuta upepo. Upepo ulikuwa haupo. Akanisogezea ungo, tukachambua pamoja, mpaka Madam akashuka, akatupungia mkono, akasema, "Bi Mize, mbona bado upo huku? Fika salama nyumbani." Nikamjibu, "Inshallah."

Bi Time alinyamaza, na Bi Time hanyamazi. Hapo ndipo nilipojua jinsi ilivyokuwa mbaya.

Nilipopanda hukuniomba radhi. Ulikuwa umefurahi, umepata kazi, msimu mzima mpaka baada ya Mwaka Mpya, na chumba cha kulala huko huko. Ukasema, "Mama, wanamtaka msanii kijana, ningesema nini?" Kisha ukaniambia mpango wako. Mimi nitengeneze, nitie ndani ya viroba, nivipakie kwenye gari ya Bwejuu, wewe utavipokea barabarani kabla ya kufika hotelini. Ukaongeza, ukiwa unakunja nguo, bila ya kuinua kichwa, "Lakini mlangoni usije, mama."

Nikasema, "Haya." Na tangu siku ile sote wawili tunaona hiyo "haya" imeshamaliza mambo.

Haikumaliza. Nimekaa nikiifikiria, nimeona kitu kimoja. Mimi niliapa maisha yangu yote kwamba sikutengeneza kile nilichokitengeneza. Wewe unakwenda kuapa kwamba umetengeneza usichokitengeneza. Tumeingia mlango mmoja, mmoja anatoka na mwengine anaingia. Sina uso wa kukulaumu. Lakini nnajua humo ndani mna nini, kwa sababu nimekaa humo. Kila anayesifu unamchunguza. Kila anayecheka unahesabu. Na siku kitu chema kinapokufuata mpaka mlangoni, huwezi kukipokea, kwa sababu mwenyewe ulishasema hakikuhusu.

Leo baada ya alasiri nilishuka kwa Bi Time. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba kutoka Maskati lilikuja sanduku moja tu, na baki ya Idi zote ni mikono hii, ni maboksi ya sabuni na vipande vya mafundi. Nilidhani atacheka. Aliendelea kumenya vitunguu.

"Mize," akasema, "nani asiyejua? Mtaa mzima ukijua."

Nikamuuliza kwa nini basi hawakusema.

"Ungesema wewe kwanza. Mimi nilipomuoza mwanangu Mwanaisha nilitaka uje unipambie chumba cha bibi harusi. Nilitaka sana, nilifika mpaka ngazi yako ya tatu. Lakini nitakuombaje kitu ulichokwishasema si chako? Nikarudi. Nikakodi kwa watu."

Halafu akanambia maneno yaliyonikata zaidi. "Na siku ile ulipokaa hapa na kikapu chako, nilitaka nipande nimwambie yule mgeni. Nikasema, wacha, wenyewe ndivyo wanavyotaka."

Hivyo ndivyo walivyotuacha, Nasra. Kwa heshima. Watu hawakutuonea, walitupa kile tulichokitaka.

Kwa hiyo sikufunga viroba. Umeviona vitupu pale nyuma ya mlango, ukadhani nitavijaza ukishaondoka. Sitavijaza. Ningeweza kukuandikia hapa namna ya kukunja kitako cha chupa bila ya kukiunguza, na namna ya kupika uji wa gundi kwa maji ya karafuu wadudu wasiule, lakini utaharibu chupa nyingi kabla mkono haujajua, na Madam anataka mti wake usimame Krismasi ikikaribia. Unalijua hilo na mimi nnalijua, na hofu ya hilo hainipi usingizi. Nnaogopa utaaibika mbele za watu. Nnaogopa utanichukia. Nimefikiria mara nyingi kujaza kiroba kimoja tu, cha kuanzia, na kila mara nimeinuka nikakaa tena, kwa sababu hicho kimoja ni sawa na ile naam yangu.

Fanya utakalo. Unaweza kumwambia umeumwa, unaweza kununua vya sokoni Darajani ukavibandika bandika, huenda asijue. Huenda usiniite kabisa, na mimi nitakaa hapa nisikie habari zako kwa watu. Nitaumia lakini sitakuja kwa kificho.

Au nipigie. Usinitumie ujumbe, nipigie, na Madam awe karibu asikie. Mwambie, "Yule mwanamke aliyekumiminia maji ya ukwaju ni mama yangu, na kazi uliyoipenda ni yake, na mimi bado najifunza." Pengine atakurudisha. Uje, mlango wako huu. Pengine atasema aje. Basi nitapanda gari ya asubuhi na mikasi yangu, nitapita mlango wa mbele, na tutakaa chini mimi na wewe mbele yao, nikuoneshe, na wewe uchome vidole vyako kama nilivyochoma vyangu.

Nakupenda kuliko nilivyopenda kusifiwa, na hii ni mara ya kwanza naweza kulisema hilo nikalimaanisha.

Ni mimi mama yako, niliyezitengeneza zile nyota,

Mwanamize Haji